Kuleta bahari Muhuru Bay: hesabu, historia na swali la Dani

Haya, nimerudi. Kimya kingi kina mshindo, na najua wapo waliokwisha kusema nimeacha kuandika. Nilikuwa nyumbani Muhuru Bay kwa wiki tatu, mchana naandika programu za watu kwenye meza ya marehemu babu, jioni napima kuta za nyumba yake kwa utepe wa fundi. Kwa hiyo leo hakuna kodi. Leo ni historia, ingawa hesabu kidogo zitakuwepo, nivumilieni.

Jambo lenyewe ni hili. Kwa miaka miwili nimekuwa nikipanga kujenga tangi kubwa la samaki wa maji ya chumvi katika sebule ya nyumba hiyo. Ndiyo, maji ya chumvi, hatua chache kutoka ufuo wa ziwa la maji baridi lililo kubwa kuliko yote Afrika. Rafiki zangu wa Nairobi wamekwisha kucheka, sasa ni zamu yenu.

Kwa asiyepajua: Muhuru iko katika kaunti ya Migori, upande wa Nyatike, kwenye kona ya mwisho ya Kenya kabla hujaingia Tanzania. Ukipanda boti kutoka huku unaweza kwenda Migingo, kile kisiwa kidogo cha mawe na mabati ambacho Kenya na Uganda zilikigombania hadi kikatangazwa duniani kote mwaka 2009. Watu wa huku wanaishi kwa samaki. Babu yangu pia aliishi kwa samaki, na nyumba ninayoizungumzia aliijenga katikati ya miaka ya 1980: kuta za matofali, paa la mabati, sakafu ya simenti iliyopakwa rangi nyekundu, ile inayong'arishwa kwa nta mpaka mtoto anateleza.

Tangi nililochora lina urefu wa mita 2, upana wa sentimita 60 na kimo cha sentimita 60. Hiyo ni lita 720. Maji ya bahari ni mazito kidogo kuliko ya ziwa, kwa hiyo piga kilo 738. Kioo cha milimita 12 kinaongeza kama kilo 130. Weka mawe, weka kabati la kulibeba, unapita tani moja. Sasa tani hiyo nzima inakaa juu ya eneo la mita mraba 1.2. Nilimwita fundi, akapiga sakafu kwa nyundo mahali patatu, akasikiliza, akaniambia simenti ile ni inchi mbili tu juu ya udongo ulioshindiliwa kwa miguu. Tangi likizama upande mmoja kwa milimita chache, kioo kinapasuka, na sebule ya Dani inakuwa ghuba. (Dani ni nyanya yangu. Jina hilo nitalitumia mpaka mwisho kwa sababu sijawahi kumwita vingine.)

Nilipofika hapo nilifanya kama ninavyofanya nikikutana na mfumo wa kompyuta ulioandikwa na watu walioacha kazi zamani: nikaacha kugusa kitu, nikaanza kusoma ulivyoanza. Nani hasa alikuwa wa kwanza kuweka bahari ndani ya nyumba, na alifanyaje bila stima?

Katika miaka ya 1830, huko Sicily, Mfaransa Jeanne Villepreux-Power alijitengenezea masanduku ya kioo ili achunguze viumbe wa baharini wakiwa hai. Huyo alikuwa mtafiti na bahari ilikuwa mlangoni pake. Hadithi iliyonikamata ni ya mama mwingine, Anna Thynne, mke wa kasisi wa Westminster, London. Mwaka 1846 alikwenda Torquay, pwani ya kusini ya Uingereza, akapenda matumbawe aliyoyaona, akayatia ndani ya chupa ya maji ya bahari na kurudi nayo mjini. Sasa London haina bahari. Maji yakianza kuchoka, yanapatikana wapi mengine? Akaagiza maji yale yale yawe yanamiminwa kutoka chombo kimoja hadi kingine mbele ya dirisha lililo wazi, ili yapate hewa. Aliyekuwa akimimina si yeye, ni mtumishi wake wa kike, karibu nusu saa au zaidi kila siku. Baadaye Thynne akaongeza mwani, na viumbe wake wakaishi miaka.

Jina la yule mtumishi vitabu havikulihifadhi. Lakini kwa maoni yangu yeye ndiye pampu ya kwanza ya tangi la baharini duniani.

Mwaka 1850 mkemia Robert Warington akaeleza kanuni yake kwa maneno ya sayansi: mimea inawapa samaki oksijeni, samaki wanailisha mimea, konokono wanakula kinachooza, na chombo kinajiendesha. Mwaka 1853 bustani ya wanyama ya London ikafungua nyumba ya samaki kwa umma. Mwaka uliofuata Philip Henry Gosse akatoa kitabu kilicholieneza neno akwariamu, na pia akatoa namna ya kutengeneza maji ya bahari kwa mtu aliye mbali na bahari: chumvi ya mezani, chumvi ya Epsom, kloridi ya magnesi na kloridi ya potasi, kwa vipimo. Hapo ndipo nilipokaa sawa kwenye kiti. Mtu wa Muhuru anaweza kufuata maelezo yale.

(Kabla hujaniuliza: chumvi ya dukani peke yake haifai. Na magadi hayafai kabisa. Ziwa Magadi lina samaki wake mdogo anayeishi kwenye maji ya moto yenye magadi, na amejifunza kutoa mkojo wake kama urea, kitu ambacho samaki wengi hawakiwezi. Samaki wa matumbawe ukimtia humo atakufa kabla hujafunga mfuniko.)

Chumvi ya bahari ni kama gramu 35 kwa lita. Kwa tangi langu hiyo ni kilo 25 siku ya kwanza, na kila nikibadilisha sehemu ya kumi ya maji, kilo mbili na nusu nyingine. Maji yakipungua kwa joto unaongeza maji matupu, kwa sababu chumvi haipai angani.

Aliyefuata ni William Alford Lloyd, na huyu watu wa programu mtampenda. Lloyd alikuwa akiuza matangi na viumbe wa baharini London, kisha akaja kusimamia majumba makubwa ya samaki Paris, Hamburg na Crystal Palace, hilo la mwisho likafunguliwa mwaka 1871. Aligundua kwamba tangi analoliona mgeni lisitegemewe kujisafisha lenyewe. Chini yake, gizani, aliweka hifadhi kubwa ya maji, kubwa kuliko matangi yenyewe, na pampu za mvuke zikawa zinayazungusha. Mgeni anaona samaki, kazi inafanyika chini. Ukifungua kabati la tangi lolote la baharini la leo utakuta chombo cha pili kimejificha humo kikifanya jambo lilo hilo. Miaka karibu 20 baada ya Crystal Palace ndipo Sergei Winogradsky alipowatenga bakteria wanaogeuza sumu ya amonia kuwa naitraiti na kisha naitreti, na hapo sababu ikajulikana. Lloyd alikuwa na mfumo unaofanya kazi kabla ya kuwepo maelezo ya kwa nini unafanya kazi. Nani kati yetu hajawahi kupeleka kodi ya namna hiyo kwa mteja?

Kutoka hapo naruka hadi Jakarta, mwaka 1961. Lee Chin Eng aliandika katika jarida la wafugaji wa samaki wa Marekani jinsi alivyokuwa akifuga matumbawe bila mitambo: mawe yaliyotoka baharini yakiwa na uhai wake wote, maji ya bahari, mwanga wa jua na mapovu ya hewa. Basi. Wazungu waliokuwa wakipambana na mashine walichukua miaka kumfuata. Mwanga wa jua wa Jakarta na wa Muhuru ni wa ukoo mmoja, kwa hiyo huyu ndiye niliyeamua kumwiga. Bahari tu ndiyo aliyokuwa nayo na mimi sina.

Na stima. Huku hupotea, wakati mwingine saa mbili, wakati mwingine siku mbili. Pampu ya wati 40 kwa betri ya gari ya 100Ah, ukiitumia nusu tu ili isife mapema, inakupa saa 15. Baada ya hapo ni mimi, ndoo mbili na dirisha. Nilimweleza Dani habari ya mtumishi wa Thynne, akasema yeye hatamimina.

Basi samaki wangetoka wapi? Kenya ina biashara hii tangu miaka ya 1960. Wapiga mbizi wa Kilifi, Mombasa na Kwale huwanasa samaki wa matumbawe kwa nyavu ndogo, mmoja mmoja, wanatiwa katika mifuko ya plastiki yenye maji na oksijeni, na wengi wanapanda ndege kwenda Ulaya na Marekani. Kangaja wa buluu anayeogelea katika ukumbi wa hoteli ng'ambo huenda alizaliwa karibu na Shimoni. Ndani ya hifadhi za baharini za Malindi na Watamu, zilizoanzishwa mwaka 1968, kuvua ni marufuku. Mimi ningemnunua wangu Mombasa, nimpandishe treni hadi Nairobi, kisha basi la usiku hadi Migori, kisha matatu. Zaidi ya kilomita 800 kwa samaki wa urefu wa kidole.

Hapo ndipo Dani alipouliza swali lake. Alikuwa akichagua omena kwenye ungo, hata hakuinua macho.

"Nyakwara, hao wa Mombasa wana nini ambacho wetu hawakuwa nacho?"

Nikamwambia wana rangi, Dani. Wa buluu, wa manjano, wekundu.

Akasema, "Fulu walikuwa na rangi."

Alisema walikuwa. Nimeishi maisha yangu yote nikilijua neno fulu kama jina la samaki wadogo wasio na maana, na hapo ndipo nilipoanza kusoma kuhusu ziwa nililozaliwa kando yake.

Wajaluo tunasema fulu, ndugu zetu wa ng'ambo ya mpaka wanasema furu. Ziwa Victoria lilikuwa limekauka, na likajaa tena takriban miaka 15,000 iliyopita. Katika muda huo, ambao kwa wanabiolojia ni kama kupepesa jicho, zilitokea humo spishi zaidi ya 500 za fulu: wanaokwangua mwani kwenye mawe, wanaovunja konokono, wanaokula magamba ya wenzao, wanaofyonza mayai na vitoto kutoka vinywani mwa akina mama. Maana fulu jike hulelea mayai mdomoni. Na dume, kwenye pezi lake la nyuma upande wa tumbo, ana madoa ya manjano kama mayai. Kwa rangi, Dani hakudanganya: wapo wa buluu ya chuma, wapo wekundu kama pilipili.

Ukoloni uliwaona kama takataka, samaki wadogo wenye miiba wasio na soko. Nyavu za nyuzi zilikuwa zimefika ghuba ya Kavirondo mwaka 1905, na ngege, samaki aliyependwa kuliko wote, akaanza kupungua. Michael Graham alifanya utafiti wa kwanza wa uvuvi wa ziwa lote mwaka 1927 na 1928, na katika ripoti yake akaonya kwamba kuleta samaki mkubwa mla wenzake kutoka kwingine ni hatari kubwa kama utafiti wa kina haujatangulia. Mwaka 1960 Geoffrey Fryer akaandika makala akipinga pendekezo la kumleta mbuta. Lakini mbuta alikuwa amekwisha kutiwa majini upande wa Uganda mwaka 1954, na mwaka 1962 na 1963 akapandikizwa rasmi, Kisumu ikiwemo. Wazo lilikuwa kwamba atageuza takataka kuwa nyama.

Na aligeuza. Kwa miaka 20 hakuna lililoonekana sana, kisha mwanzoni mwa miaka ya 1980 upande wa Kenya mbuta akafurika. Katika miaka ya 1970 fulu walikuwa kama asilimia 80 ya uzito wa samaki wa ziwa. Mwishoni mwa miaka ya 1980 hawakufika asilimia moja. Spishi zipatazo 200 hazikuonekana tena. Mbuta hakufanya kazi hiyo peke yake: mbolea na udongo kutoka mashambani viliyatia maji ukungu, na mwaka 1997 Ole Seehausen na wenzake walionyesha kwamba katika maji ya ukungu fulu majike hawatofautishi rangi za madume, spishi zinachanganyikana na kupotea bila kuliwa na yeyote.

Sasa rudi kwenye matangi. Kuanzia mwaka 1977 watafiti wa Chuo Kikuu cha Leiden, Uholanzi, walikuwa Mwanza wakiwahesabu furu. Frans Witte alikuwa mmoja wao, Tijs Goldschmidt aliyekuja kuandika kitabu kuhusu ziwa hili mwingine. Walifika kuhesabu, wakajikuta wanashuhudia msiba. Baadhi ya samaki wao walisafirishwa wakiwa hai hadi Leiden na kuzalishwa maabara. Mwaka 1993 bustani za wanyama za Marekani zikaanzisha mpango wa kuwazalisha samaki wa Ziwa Victoria katika matangi, na za Ulaya nazo zikashiriki. Kwa hiyo zipo spishi za ziwa letu zilizobaki hai kwa vizazi na vizazi nyuma ya kioo tu, zikilishwa na watu wasiowahi kuona Muhuru.

Ufundi ulioanza na mtumishi akimimina maji dirishani London ndio uliowabakiza fulu.

Sitaki kulitukuza tangi. Lile vumbi la akwariamu la miaka ya 1850 liliharibu sana pwani ya Uingereza, watu walikwangua mabwawa ya miambani hadi yakabaki matupu, na Edmund Gosse, mwana wa yule yule Philip Henry, aliliandika jambo hilo kwa masikitiko mwaka 1907. Mara nyingi tangi huchukua tu. Fulu ni mojawapo ya visa vichache ninavyovijua ambapo tangi lilikuwa nakala ya akiba. Na ninyi wa kazi yangu mnajua: nakala ya akiba haina faida mpaka siku utakapoirejesha, na huwezi kuirejesha kwenye mashine ambayo tatizo lililoiangusha bado limo. Mbuta bado yumo. Ukungu bado umo.

Wako fulu waliosalia wenyewe. Wale wa kwenye mawe walikuwa na mashimo ya kujificha, na ufuo wetu una mawe. Ziwa Kanyaboli, ndani ya kinamasi cha Yala huko Siaya, limetengwa na ziwa kuu kwa mafunjo. Watafiti wamekuta humo fulu pamoja na ngege wa asili. Lakini fulu wa matope ya kilindini, wale ambao Dani alikuwa akiwatunga kwenye vijiti na kuwaanika mtoto akiwa mgongoni, wengi wao ndio walioliwa.

Walioliwa na mbuta. Na nilisema nyumba ilijengwa lini? Katikati ya miaka ya 1980. Babu alikuwa na mtumbwi wa tanga. Mbuta alipofurika akanunua injini, malori ya barafu yakaanza kuja hadi ufuoni, na katika miaka michache akaondoka kwenye nyumba ya udongo. Kila tofali ninalolipima kwa utepe ni mbuta. Karo ya baba yangu ilikuwa mbuta, na bila karo ile mimi nisingeiona kompyuta. Siwezi kusimama katika sebule hii nikamlaani samaki yule, na Dani pia hamlaani. Yeye husema tu kwamba fulu walikuwa watamu zaidi wakikaangwa.

Hesabu imenisaidia jambo moja. Lita 720 za bahari na lita 720 za ziwa zinatofautiana kilo 18 tu. Sakafu haijali. Kwa hiyo fundi atavunja simenti ya zamani upande wa ukuta wa mashariki, atachimba, atamwaga zege ya inchi sita yenye wavu wa chuma, na kioo kitakatwa kwa vipimo vile vile. Chumvi sijanunua. Tangi litajazwa kwanza maji ya ziwa yaliyochujwa, na mawe ya ufuoni, na nikipata kibali, fulu wachache wa mawe ya hapa hapa. Matumbawe yatasubiri, nikihamia Mombasa siku moja tutaona.

Tatizo lililobaki ni picha. Kwenye ukuta huo wa mashariki, mahali tangi litakaposimama, imetundikwa picha ya babu ameshika mbuta aliyelingana naye kwa kimo, mkia umegusa mchanga. Jana usiku nilimuuliza Dani niihamishie wapi. Akaitazama muda mrefu, akasema nisiihamishe, niipandishe juu kidogo tu, maji yasiirukie.

Fundi anakuja Jumamosi. Mifuko minane ya simenti imekwisha kufika.